Kiti cha Rangi ya Damu ya Mzee

Kinyozi huyu watu walimwita Redio, na jina hilo lilianzia kwa mkewe. Mkewe alisema ameolewa na redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Majirani waliposikia wakalichukua jina, wakaondoka nalo, hata watoto wa mtaani wakakua bila kujua kwamba mzee ana jina jingine. Mwenyewe hakukasirika. Alisema afadhali Redio kuliko Gunia, kama alivyoitwa muuza viazi wa ng'ambo ya barabara.

Chumba chake cha kunyolea kilikuwa kati ya duka la dawa na duka la vifaa vya umeme. Kilikuwa chembamba na kirefu, na ukutani kulikuwa na kioo kipana kilichoungwa kwa utepe wa gundi pale kilipopasuka. Mbele ya kioo palikuwa na viti viwili. Kile cha karibu na mlango kilikuwa cha Redio: kiti kizito cha chuma, kimevishwa ngozi ya rangi ya damu ya mzee, kina pa kuegemeza kichwa, pa kukanyagia miguu, na pembeni kina mkono wa chuma ambao ukivutwa mteja anapanda taratibu huku akijiona kwenye kioo anarefuka. Kiti cha pili kilikuwa cha mwenzake, mtu mtaratibu ambaye watu walimwita Kimya. Walisema siku maneno yalipogawiwa, Redio alipanga foleni mara mbili, akachukua na fungu la mwenzake.

Redio aliweza kumnyoa mtu ndevu kwa wembe huku akimweleza namna ya kupatana na mama mkwe, na wembe usiguse hata kipele. Aliongea mpira, meno, mvua, ndoa, mabomba yanayovuja. Chumvi alitia, hilo hakuna aliyebisha, lakini hakuwahi kumsema mtu kwa ubaya, na siri ya mteja ilikaa kwake kama jiwe chini ya kisima.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, fundi wa majokofu. Fundi huyo alipotaka kuoa, alimleta nyumbani binti asiyesema. Hakuwa bubu wala hakuwa na maringo; maneno yalimkwama tu kifuani. Alifanya kazi katika ofisi ya kutengeneza programu za kompyuta, zile ambazo wenye maduka ya dawa na maghala huzitumia kujua kipi kipo na kipi kimekwisha. Siku ya kwanza mezani kwa wakwe, mikono yake ilikuwa imelowa jasho hata kikombe kikamteleza. Redio ndiye aliyemwokoa. Aliongea tangu chai hadi vyombo kuoshwa, na katikati akawa anamtupia vijiswali vyepesi, vya kujibiwa kwa neno moja. Kompyuta ikiugua inapimwa wapi kwanza? Na hicho kipanya chake, hakiogopi paka? Binti akacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na tangu siku hiyo nyumba ile ikawa kwake. Baadaye alimwambia mumewe kwamba baba yake ndiye mtu pekee ambaye mbele yake haoni aibu ya kunyamaza.

Kiharusi kilimkuta Redio kazini, asubuhi, mteja akiwa ameshapakwa povu mashavuni. Alikuwa katikati ya hadithi. Maneno yakaanza kutoka yamepinda, kisha yakatoka ambayo si maneno kabisa, na mteja akadhani ni mzaha mpya, akacheka. Kimya ndiye aliyeona kwenye kioo kwamba upande mmoja wa uso wa mwenzake umelegea. Alimtoa wembe mkononi kwanza, polepole, ndipo akamkumbatia kwa nyuma asianguke.

Aliporudi kutoka hospitali alitembea kwa fimbo, mkono wa kulia ukining'inia kama kitu cha kuazima. Na katika maneno yake yote, lilikuwa limembakia moja: bado. Bado ilikuwa ndiyo, ilikuwa hapana, ilikuwa asante, ilikuwa niacheni nipumzike. Akiulizwa kama amekula alijibu bado, na sahani tupu iko mbele yake. Siku moja mkewe alimchokoza, akamuuliza kama anampenda. "Bado," akasema Redio, kwa sauti ya mtu anayeapa. Wakacheka wote wawili hadi mkewe akalia, na kilio hicho kikakataa kugeuka tena kuwa kicheko.

Alielewa alichoambiwa, karibu chote. Herufi ndizo zilizomkimbia. Gazeti alilishika, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, kisha akalikunja vizuri na kumwekea mkewe mapajani. Mtaalamu wa usemi wa pale hospitali, mama mmoja mpole, aliwaeleza kwamba maneno hayajafa, yamefungiwa mlango tu. Mengine yangerudi, taratibu, na kwa sasa mgonjwa apewe picha za kuonyesha anachotaka. Akawapa kadi. Kadi zenyewe zilikuwa zimechorwa kwa ajili ya watoto wadogo: kikombe chenye macho, kitanda kinachotabasamu. Redio alizitazama moja moja kwa adabu, akazipanga zikalingana kingo, kisha akazikalia.

Ndipo mkwe wake akaamua kumtengenezea programu. Katika siku zake za mapumziko alikaa sebuleni kwa wakwe, mbele ya kompyuta ya mezani ambayo mumewe alikuwa akiitumia kusomea michoro ya majokofu. Hakuchora vikombe vyenye macho. Alipiga picha za vitu vya nyumba ile ile: kikombe cha mzee cha bati chenye mpini uliochubuka, kitanda chake, ndoo yake ya kuogea, dawa zake, blanketi lake. Sauti akaichukua ya mumewe, kwa kuwa sauti yake na ya baba yake zilifanana hata kwenye simu watu walizichanganya. Fundi wa majokofu akajifungia chumbani, akajifunika blanketi gubigubi ili kelele za barabarani zisiingie, akayasema maneno mbele ya kinasa sauti: nataka maji, nasikia baridi, naomba dawa. Alipofika kwenye "naumwa" alitoka nje kidogo, kisha akarudi akaendelea.

Programu ilifanya kazi. Ukibofya picha, mtoto anasema kwa niaba ya baba. Mkewe Redio aliposikia kwa mara ya kwanza "nataka chai" ikitoka mle ndani, alikwenda jikoni akainjika maji, na alikawia huko kuliko chai inavyohitaji. Mkwe akaona kazi imekwisha.

Shida ikazuka mahali ambapo hakupatarajia. Mchana mmoja aliingia akamkuta mzee ameketi wima mbele ya kompyuta, kipanya mkono wa kushoto. Alikuwa amefungua kikokotoo. Anabofya saba, kisha anainamisha kichwa kuelekea spika, anasubiri. Anabofya nne, anasubiri. Alama ya kujumlisha, anasubiri. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na subira ya kinyozi aliyepata mteja mwenye nywele ngumu.

Mkwe alisimama mlangoni akajilaumu kimoyomoyo. Skrini ilikuwa na programu nyingi zilizopangwa safu safu, kila moja na jina lake chini, na mzee hakuweza kusoma hata jina moja. Ile ya kwake ilikuwa na alama inayopewa programu yoyote ambayo mtengenezaji wake hakuichagulia ikoni: kijisanduku cha kijivu, kisicho na sura. Kazini hakuwahi kulitilia maanani jambo hilo. Wauza dawa wanasoma. Ikoni alikuwa akiiacha hadi siku ya mwisho, kama mtu anayebandika namba ya nyumba baada ya wapangaji kuhamia. Tena kijisanduku chenyewe alikuwa amekiweka upande wa kulia wa skrini, na mtaalamu alishawaambia kwamba macho ya mzee yana ukungu upande huo.

Akakivuta kijisanduku hadi kushoto, juu kabisa. Kisha akasogeza kigoda, akaketi.

"Baba," akasema, "nitakuchorea alama yako mwenyewe. Ukiiona tu, ujue ni hapa."

Alianza na mdomo. Aliona ndiyo maana ya programu: mdomo umefunguka, na mistari ya sauti inatoka kama mawimbi. Redio aliutazama, akainua mkono wa kushoto, akagusa upande wa mdomo wake ulioshuka, akageukia dirishani. Hata lile bado lake hakulisema. Mkwe alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliufuta mdomo ule pale pale.

Safari ya pili alikuja na redio. Aliichora nzuri, ya zamani, ina waya wa kunasia mawimbi na vifundo viwili vya kuzungusha. Mzee alipoiona alicheka hata akagonga meza, akamwita mkewe kwa kupiga fimbo sakafuni aje aone. Mkewe naye akacheka, akasema hatimaye imepatikana yenye kitufe cha kuzimia. Mkwe akadhani amepatia. Redio akafuta machozi, akaitazama tena ile picha, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akatikisa kichwa. "Bado." Jina la utani ni tamu ukiwa nalo la kulijibu. Redio iliyonyamaza si kitu ambacho mtu angependa kukitazama kila asubuhi.

Akajaribu picha ya mzee mwenyewe, aliyopigwa siku ya harusi ya mwanawe. Ikiwa kubwa ilipendeza. Ilipopunguzwa ikalingana na ikoni nyingine, uso wote ukawa kama njegere yenye masharubu. Mkewe akasema ameishi na uso ule ujana na uzee, na pale asingeutambua.

Sasa Redio mwenyewe akajaribu kueleza. Aliinuka kwa fimbo, akavuta kiti cha mezani kwa mkono wake mzima, akakipigapiga, akamfanyia mkwe ishara akae. Mkwe akakaa. Mzee akapita nyuma yake, akaweka kiganja begani kwake, kwa wepesi kama kitambaa, akatazama mbele ukutani ambako hapakuwa na kitu. Kisha akamwinamia kidogo, akainua nyusi.

Mkwe alidhani anaambiwa apumzike. Akasema asante baba, sijachoka. Mkewe Redio, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi, akasema huyo anataka kunyoa mtu, kimbia. Wakacheka, na kwa kuwa neno kunyoa lilimfanya mzee ageuze kichwa haraka, mkwe akachora chanuo na mkasi vimepishana. Mzee aliviangalia, akatafakari, akapima. Safari hii alikaribia kukubali. Lakini alirudi kwenye kiti chake shingo upande, na jioni ile hakugusa kompyuta.

Mkwe akaona huenda kuna kifaa fulani ambacho yeye hakijui. Akaenda hadi kwenye chumba cha kunyolea. Kimya alikuwa peke yake, amekaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Kiti chake cha pili kilikuwa na taulo mgongoni. Kile cha karibu na mlango kilikuwa kimefunikwa shuka safi, kingo zimekunjwa chini kama kitanda cha mgeni. Mkwe alimsalimu, akamweleza habari ya programu na ya ikoni, akamuuliza ni kifaa gani ambacho mzee alikipenda kuliko vyote. Akangoja. Wote wawili walikuwa hodari wa kungoja, kwa hiyo muda ulipita.

"Mwanangu," Kimya akasema mwishowe, "ninyi mnadhani alipenda kusema. Hapana. Asubuhi kabla ya mtu kuja, alikuwa ananyamaza kuliko mimi. Anafagia, ananoa, anapanga taulo, neno hakuna. Mtu akishakaa kwenye hicho kiti, ndipo mdomo unafunguka. Na kinachotoka kwanza ni swali. Hizo hadithi zake zilikuwa za kumpa mtu muda wa kutafuta jibu."

Akainuka, akaondoa shuka.

Mkwe alikitazama kiti kile kana kwamba hajawahi kukiona. Bega lake likakumbuka kile kiganja. Alichuchumaa, akakipiga picha kutoka ubavuni, kwa juu, kwa chini, akapitisha kidole kwenye mshono wa ngozi mahali palipochakaa kwa mikono ya watu.

Siku yake ya mapumziko ilipofika aliketi tena sebuleni, mzee ubavuni. Alichora mstari mmoja tu, ule wa mgongo wa kiti unaoinamia nyuma, na kabla hajachora wa pili alisikia pumzi ya mzee imebadilika. Redio alikuwa amesogea hadi pua yake ikakaribia skrini. Kuanzia hapo alikuwa kama mwenye nyumba aliyesimama juu ya kichwa cha fundi mwashi. Bado, mgongo umelala mno. Bado, mkono wa chuma hauko upande huo. Kwenye rangi walihangaika. Nyekundu ilikuwa kali kama ya gari la zimamoto. Kahawia ilikuwa ya viatu. Mkwe akawa anaongeza weusi kidogo kidogo ndani ya wekundu, na mahali fulani mzee akanyoosha kidole akaigusa, akaacha alama ya jasho kwenye kioo. Ilikuwa damu ya mzee, ile ile.

Hiyo ilikuwa ikoni kubwa. Lakini ikoni haikai kwa ukubwa mmoja. Kompyuta inataka kubwa, ya wastani na ndogo, na ile ndogo kabisa ni kama punje ya hindi, viraba vichache tu ambavyo lazima uvipange kimoja kimoja kwa mkono. Ukiipunguza tu ile kubwa unapata doa. Mkwe akaanza kupunguza vitu. Akaondoa vifungo vya ngozi, mzee kimya. Akaondoa mshono, kimya. Akaondoa mkono wa chuma, na mzee akamshika kiwiko. Akaurudisha, akaondoa pa kukanyagia miguu, na mzee akamshika kwa nguvu zaidi.

"Baba, nafasi haitoshi," akamwambia. "Kimoja hakina budi kutoka. Mkono wa chuma, au pa kukanyagia?"

Redio alifikiri. Alitazama skrini, akatazama miguu yake. Kisha akainama, akaushika mguu wake wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeinua mzigo, akauweka juu ya ubao wa chini ya meza, akauacha hapo. Mkwe akaelewa. Mkono wa chuma ni wa kinyozi. Pa kukanyagia ni pa aliyekaa. Akaufuta mkono wa chuma, na mzee akautazama ukitoweka kiraba kwa kiraba bila kulalamika.

Walipomaliza mkwe akamwomba mama mkwe asimame kule kule mlangoni mwa jikoni, aseme anaona nini. Mama akakunja macho. Akasema anaona kile kiti chake cha kule kazini, na kwa nini kimepelekwa huko ndani.

Kilichobaki kilikuwa kuivisha programu kiti hicho. Mkwe alizifunga picha zote katika faili moja, akaiambia programu kwamba hii ndiyo sura yake, akaijenga upya. Mara ya kwanza kiti kilitokea ndani ya boksi jeupe, kama kimetandikiwa shuka kiuzwe, kwa sababu alisahau kuondoa rangi ya nyuma katika saizi moja. Akarekebisha. Mara ya pili alipofungua programu, kiti kilikuwepo kwenye pembe ya dirisha lake, kilikuwepo kwenye utepe wa chini, kizuri. Alipoifunga ili amwonyeshe mzee kwenye skrini ya mwanzo, palikuwa na kijisanduku kile kile cha kijivu.

Redio alikitazama. Akamtazama mkwe. "Bado," akasema, na safari hii neno lilikuwa na maana yake ya kawaida.

Mkwe alijua kilichotokea. Ni jambo dogo, linawapata watengenezaji wote. Lakini aliona uso wa mzee umeshuka, akaona inafaa alieleze. Akatafuta maneno.

"Si kosa lako, baba, wala kiti hakina kasoro. Kompyuta inazikariri picha ili isichoke kuzitafuta. Kile kipya imeshapewa, kimo ndani. Ila ikitaka kukitoa, mkono wake unakwenda kwenye cha zamani."

Mzee akanyoosha mkono, akalipigapiga boksi la kompyuta mara mbili, kwa upole, kama mtu anavyompigapiga mgonjwa mwenzake wa kitanda cha jirani.

Mkwe alilazimika kuinamia kibodi ili asionekane macho. Alizifuta picha zile zilizokaririwa, akaizima kompyuta, akaiwasha. Wakangoja pamoja huku inaguruma. Programu zikatokea moja baada ya nyingine, na upande wa kushoto, juu kabisa, kikatokea kiti.

Redio akashika kipanya. Mshale ukapita ukazidisha, ukarudi, ukazunguka, ukatua. Mkwe alikuwa ameshaipanga ifunguke kwa mbofyo mmoja, kwa kuwa mibofyo miwili ilimshinda mzee. Programu ikafunguka. Mzee akazipitia picha: maji, chai, kitanda, choo, dawa, baridi, naumwa. Akazipitia tena kutoka mwisho. Akaifunga, akakitazama kiti, akaifungua tena, kama mtu anayefungua kabati akitumaini safari hii atakuta kingine. Akaachia kipanya.

Na hapo mkwe akaona alichokuwa amekifanya. Alikuwa amemchorea mtu kiti cha mteja mlangoni, na ndani amemwekea chumba cha mgonjwa. Kila neno lililokuwemo lilikuwa la kuomba. Hapakuwa na hata moja la kumuuliza mwenzake.

"Nimekupa maneno ya mgonjwa peke yake, baba," akasema. "Nitakuletea ya kwako."

Redio akafumba macho, akautafuta mkono wa mkwe, akaushika.

Juma lile fundi wa majokofu alirudi chini ya blanketi. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mbona leo mnyonge? Kazi inakwendaje? Wewe ukamjibuje? Ehe? Ikawaje? Mama yake aliketi kitandani akimsahihisha, kwa kuwa alijua mzee anavutia wapi neno na anakatiza wapi. Kimya alituma salamu kwamba wasisahau "Na ule mguu wako je?" kwa sababu nusu ya wateja wana mguu. Kwa kila swali mkwe akatafuta picha: jua linalochomoza, mlango wa nyumba, sikio. Mzee alizijua upesi kuliko alivyozijua zile za dawa na ndoo.

Wa kwanza kukaa mbele yake alikuwa mkwe mwenyewe, ili kujaribu kama sauti zinasikika vizuri. Redio alimwangalia usoni kwanza, kwa utulivu, kisha akabofya. "Mbona leo mnyonge?" Sauti ilikuwa ya mumewe, lakini ule muda wa kungoja kabla ya kuuliza ulikuwa wa mzee. Mkwe akajibu kwamba si mnyonge. Mzee hakubofya kitu. Akangoja. Mkwe akasema labda kidogo. "Ehe?" Akasema ni mama yake, anaishi mbali, peke yake, naye hampigii simu inavyopasa kwa sababu wakishasalimiana wote wawili hawajui waseme nini, na anaona aibu. "Ikawaje?" Akasimulia tangu utotoni, nyumba iliyokuwa na watu wawili wasiosema, namna walivyopendana kwa kuwekeana maji ya kuoga. Chai ilipoa. Mama mkwe alisimama nyuma ya pazia, hakuingia. Kesho yake yule binti alimpigia mama yake simu, na mazungumzo yalipokwama baada ya salamu, akamuuliza, ikawaje ile habari ya paa? Mama akaanza kueleza, na ilikuwa habari ndefu.

Kompyuta ilihamishiwa kwenye chumba cha kunyolea, ikawekwa kwenye rafu chini ya kioo. Kimya aliliondoa shuka kabisa, akahamia kile kiti cha karibu na mlango, yeye akinyoa na Redio akiwa ameketi kwenye kigoda ubavuni, kipanya kwenye ubao juu ya mapaja. Wateja waliokuwa wamepotea wakaanza kuonekana, na wengine walikuja kichwa kikiwa bado hakijaota kitu. Siku moja kidole kiliteleza akabofya "naumwa," na mteja akaruka kitini na povu lake shavuni amshike. Redio akacheka hata fimbo ikaanguka. Wembe hakuushika tena. Lakini mteja akimaliza, yeye ndiye aliyechukua brashi kwa mkono wa kushoto akampangusa shingo, na hiyo kazi hakumwachia mtu.

Ofisini kwake mkwe haiachi tena ikoni hadi mwisho. Humuuliza mwenye kazi siku ya kwanza, kabla ya lingine lolote, ni nani atakayekuwa akiitazama, na wenzake wamezoea.

Mkewe Redio peke yake ndiye aliyekataa kuulizwa na kompyuta. Kabla haijahamishwa, mzee alijaribu asubuhi moja kumbofyolea lile jua linalochomoza. Mkewe akamwambia kwa upole kwamba haifai mtoto aliyemzaa amuulize amelalaje. "Utaniuliza wewe ukiweza," akasema. "Mimi sina haraka."

Mzee akawa anakwenda kwa mtaalamu wa usemi, anajifunza kufungua ule mlango. Maneno yalirudi machache, tena si yale aliyoyaita. Alipata sabuni, alipata twende, alipata jina la timu yake ya mpira. Mvua zilikuja zikaisha. Kisha asubuhi moja mkewe alikuwa anakunja blanketi, mgongo amempa, akasikia nyuma yake mtu anahangaika na pumzi, anajaribu, anaacha, anajaribu tena.

"Me... meka," akasema Redio. "Meamkaje?"

Mkewe hakugeuka mara moja. Alimaliza kukunja ile pembe ya blanketi. Halafu akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu naye, akasema hakulala vizuri, goti limemsumbua, tena bomba la nje lilidondoka usiku kucha, tup, tup, na alipopata usingizi akamwota dada yake marehemu anasuka mkeka uani na hataki kusema ni wa nani. Akamweleza rangi za ule mkeka zote, na Redio akamsikiliza.